Nyota ni ya Nani? Tulivyotafuta Habari za Babu Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya vikundi vya maendeleo, Njukini



Tumeombwa tuseme machache juu ya kuandika historia ya jamaa. Sisi si walimu wa historia. Sisi ni watu wa ukoo mmoja, wakulima wa migomba na vitunguu hapa hapa Njukini, na tutawaeleza tu yale yaliyotupata. Tulifanya makosa, na huenda makosa yetu yakawafaa ninyi kuliko maarifa yetu.

Jambo lilianza hivi. Mwaka juzi tulichanga pesa ili tulijengee kaburi la babu yetu kwa saruji. Fundi akaja, akapima, akauliza, "Sasa niandike nini?" Jina tulilijua. Mwaka aliofariki tuliujua, 1968. Kijana mmoja wetu akasema, "Andika: Askari wa Keya, alipigana Burma." Sote tukaitikia. Tangu utotoni tulisikia ati babu alikuwa askari. Tena ushahidi tulikuwa nao katika sanduku la nyanya: nyota ya shaba, koti zito la kijeshi lililoliwa na nondo, na kile kikopo cha chuma cha kipande.

Shangazi yetu, aliye mzee kuliko wote katika ukoo, alikuwa ameketi kivulini akichambua maharagwe. Akauliza, "Mnaandika kaburi la nani?" Tukamwambia, "La babako, shangazi." Akasema, "Baba hakupanda meli." Kisha akaendelea na maharagwe yake.

Basi fundi alikwenda zake siku ile bila kuandika neno. Mfuko wa saruji tuliokwisha kuufungua uliganda. Hiyo ndiyo hasara ya kwanza tuliyoipata, na ndugu zangu, ilikuwa hasara ndogo.

Vita vilikuwa viwili

Kosa letu la kwanza lilikuwa kusema "vita" kana kwamba ni vimoja. Watu wa upande huu wameona vita viwili vikubwa vya wageni.

Vile vya kwanza, vya 1914 hadi 1918, vilikuja mlangoni kwetu. Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta mwezi wa Agosti 1914, wakakaa mpaka Machi 1916. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupita Maktau na Mbuyuni ili wawafukuze. Tarehe 12 Februari 1916 walijaribu kukichukua kilima cha Salaita wakashindwa. Mwezi uliofuata Jenerali Smuts aliamua kuzunguka. Wapanda farasi wa Afrika Kusini walisafiri usiku kutoka upande wa Mbuyuni, wakafika kwenye mto Lumi na vilima vya ziwa Chala tarehe 8 Machi. Yaani walitokea hapa jirani, mahali tunapochunga mbuzi leo. Siku chache baadaye, tarehe 11 na 12, watu wengi walikufa kwenye vilima vya Latema na Reata. Ukienda Taveta mjini utayaona makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo, yamepangwa kwa safu na yanatunzwa vizuri.

Wengine waliumia bila kushika bunduki. Watu wa Kasigau walishukiwa kuwasaidia Wajerumani, wakahamishwa mwaka 1915 mpaka Malindi, na wengi hawakurudi.

Vita vya pili vilikuwa vya 1939 hadi 1945. Hivyo havikupiganwa Taveta. Vijana walichukuliwa wakapelekwa mbali: wengine Uhabeshi kupigana na Waitaliano, wengine Madagaska mwaka 1942, na wengine Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 wakati wa mvua kubwa, ikiwafukuza Wajapani, hadi ikafika Kalewa kando ya mto Chindwin mwezi wa Desemba.

Tena si kila aliyechukuliwa alikuwa askari. Keya ni wale wa King's African Rifles. Lakini katika vita vya kwanza walio wengi walikuwa wapagazi, watu wa Kariakor. Hata mtaa wa Kariakor wa Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao kwa hao.

Vitu vitatu vya sanduku

Tulirudi nyumbani tukavitoa vile vitu, safari hii tukiviuliza maswali.

Tulianza na kikopo cha kipande. Tulidhani ni cha jeshi. Sivyo. Sheria ya kuandikisha watu ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya vita, kama mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyekwisha kuwa mtu mzima alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole, naye aliivaa shingoni ndani ya kikopo kama mbuzi mwenye kengele. Kwa hiyo kikopo kilituambia kwamba babu alikuwa mtu mzima wakati wa kipande. Juu ya vita hakikutuambia lolote.

Koti nalo tulilitegemea sana. Mzee mmoja alitucheka. Akasema makoti ya jeshi yaliuzwa masokoni baada ya vita, na nusu ya walinzi wa mashamba ya mkonge waliyavaa. Koti si cheti.

Ikabaki nyota. Hii ni kweli ni nishani. Ina ncha sita, katikati ina herufi za mfalme wa Uingereza, na maneno yanayotaja Burma. Ilitolewa kwa waliokuwa katika vita vya kule. Tuligeuza nyuma kutafuta jina. Hamna. Ndipo tukajifunza jambo ambalo kila mwenye nishani nyumbani inafaa alijue: nishani za Uingereza za vita vya kwanza kwa kawaida zina jina na namba ya mtu pembeni, kwenye ukingo. Zile za vita vya pili kwa kawaida zilitolewa bila jina. Nyota yetu ilikuwa inasema mahali, haisemi mtu.

Shangazi anazungumza

Tulimrudia shangazi, safari hii tukiwa na daftari. Mwaka wake wa kuzaliwa haukuandikwa popote, lakini anajua kwamba alizaliwa nzige walipokwisha. Nzige wale walikuwepo kuanzia mwaka 1928 hadi 1931. Basi tukaweka mwaka 1932, tukaandika pembeni: "kwa makisio".

Tukamwuliza habari za njaa ya mwaka 1943. Akasema alikuwa msichana wa kuteka maji. Babake alikuwa nyumbani. Alikuwa akivuka kwenda Rombo kutafuta ndizi, anarudi usiku, na watoto hawalali mpaka wasikie kikohozi chake. Haya, mtu anayetafuta ndizi Rombo hawezi wakati uo huo kuwa safarini kwenda Burma.

"Basi shangazi," tukamwuliza, "nyota hii ni ya nani?"

Akatuangalia kwa muda. "Ni ya baba mdogo. Aliyekwenda na lori."

"Mbona hukutuambia miaka yote hii?"

"Mliniuliza babu alipigana wapi. Hamkuniuliza nyota ni ya nani."

Ndugu zangu, tulinyamaza. Babu alikuwa na mdogo wake, kitinda mimba, aliyepishana naye miaka mingi. Sisi wajukuu hatukulijua jina lake. Si kwamba tulilisahau, hatukuwahi kuambiwa. Yeye ndiye aliyepanda lori Taveta, akapanda meli, akarudi mwaka 1946 na koti na nyota. Shangazi alikumbuka kwamba alipenda kusema Lumi si mto, mto ni Chindwini. Watoto walifikiri Chindwini iko Tanganyika. Tulipofungua ramani ya Burma tukaliona jina lile, kijana wetu alisimama akatoka nje.

"Na babu je? Hakuwa askari kabisa?"

Hapo shangazi alizungumza polepole. Alisema, "Baba alibeba." Alichukuliwa akiwa kijana, kabla hajaoa. Alifika Rufiji. Hakupenda kuulizwa. Akiletewa ugali usioiva vizuri aliusukuma kando, akisema huo ndio uliomaliza wenzake. Wazee wa rika lake waliposimulia mambo ya bunduki, yeye aliinuka kwenda kuangalia mfereji.

Maneno yale ya ugali tulidhani ni ya mzee mwenye kuchagua chakula. Baadaye tulisoma kwamba wapagazi wengi sana walikufa kwa kuhara damu na maradhi ya tumbo, na kwamba unga wa mahindi usiopikwa sawasawa, kwa watu wasiouzoea, ulikuwa sababu moja kubwa. Mwaka 1917 Serikali ilifanya msako mkubwa wa wapagazi katika nchi hii, chini ya ofisa aliyeitwa John Ainsworth. Walipelekwa kusini ya Tanganyika, wakabeba mizigo ya ratili 50 au 60 kwenye matope na mbung'o. Hesabu ya Serikali yenyewe inataja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi ya kweli inakaribia laki moja. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, na Serikali ya London ilikataa kuitoa.

Basi tulikuwa na watu wawili tuliowafanya mtu mmoja. Babu tulimvika nyota asiyokuwa nayo, kwa sababu tuliona haya kusema alikuwa mpagazi. Na babu mdogo tukampoteza kabisa.

Safari ya Nairobi

Wawili wetu walikwenda Nairobi, kwenye jumba la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, lile jengo la zamani lililokuwa benki. Mtu yeyote anaweza kwenda kusoma. Waliomba ripoti za wilaya za upande wa Voi na Taveta. Waliona idadi za watu waliotolewa kwa kazi, habari za njaa, za kodi, za machifu. Majina ya wapagazi hawakuyaona. Wapagazi walipewa namba kwenye kibati, na ofisi iliwajua kwa namba.

Walipotoka walipita Kenyatta Avenue kuiangalia ile sanamu ya askari na mpagazi iliyowekwa miaka ya 1920. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanaahidi kwamba hata mtu akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Waliizunguka pande zote. Majina ya wapagazi hawakuyaona na hapo.

Si sisi tu tuliogundua hilo. Mwaka 2021 ile Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Ni vizuri kuomba radhi. Lakini tulipokuwa tukiwalaumu Waingereza kwenye matatu ya kurudi, mmoja wetu akasema, "Na sisi je? Babu mdogo tumemwandika wapi?" Hakuna aliyejibu mpaka Voi.

Rombo

Hapa ndipo penye uzito, na tulibishana nyumbani kama tuyaseme mbele ya watu. Tumeona tuyaseme.

Babu mdogo alipotoka jeshini alirudi na pesa kidogo za kuachishwa. Alinunua ng'ombe, akaoa, akafyeka ile sehemu ya chini kando ya mfereji. Alifariki mwaka 1957. Aliacha mjane na binti mmoja mdogo. Mjane alirudi kwao Rombo na mtoto wake. Sehemu ile ya chini ikalimwa na babu, kisha na baba zetu, na mashamba yalipopimwa iliandikwa pamoja na yetu. Hakuna aliyesema anaiba. Ila hakuna aliyeuliza. Na mtu asiye na jina, nani atamdai shamba lake?

Tuliuliza Rombo kwa siku mbili. Yule binti yu hai. Ni nyanya mwenye wajukuu. Tulimpigia hodi tukiwa watano, na nyota tumeifunga kwenye kitambaa. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai na ndizi. Tulipokwisha kueleza, alituuliza swali moja: "Mmekuja kwa ajili ya nyota au kwa ajili ya shamba?"

Tulimwambia kweli. Tulikuja kwa ajili ya nyota, na shamba limetufuata njiani.

Nyota tulimwachia, maana ni ya babake. Aliishika mkononi muda mrefu. Alisema habari moja tu aliyobaki nayo ya babake ni kwamba alikuwa akimwimbia kwa lugha isiyojulikana na mtu, na mamake alimwambia ni lugha ya vitani. Juu ya shamba, wazee wa pande zote mbili wameketi mara mbili. Msimu uliopita mjukuu wake alilima ile sehemu ya mfereji, akapata mahindi mazuri. Mambo ya hati bado tunazungumza. Hatutaki kuwadanganya kwamba yamekwisha.

Mambo ya kufuata

Kwa wale mnaotaka kuanza, tunashauri haya.

1. Anzeni na wazee walio hai, leo, si Krismasi. Msiulize "Je, babu alikuwa askari?" kwa maana watajibu ndiyo kwa heshima. Ulizeni alilala wapi, alikula nini, alirudi na nini, nani alikuwa naye.

2. Pimeni miaka kwa mambo yanayojulikana: nzige, njaa, kipande, reli. Mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili.

3. Katika daftari pigeni mistari mitatu: tunalolijua, tulilolisikia, na tunalolitamani. Msiliache la tatu lihamie la kwanza. Sisi lilihama miaka 50.

4. Kila kitu cha sanduku kiulizeni peke yake. Tazameni ukingo wa nishani. Karatasi za jeshi zipigeni picha kabla panya hawajazifikia. Barua ya babu mdogo kutoka vitani ilikuja, ikasomwa na mwalimu, na panya waliimaliza.

5. Ile Tume ya makaburi ina orodha ya majina kwenye intaneti, na kutafuta humo ni bure. Lakini ni orodha ya waliokufa, kwa vita vya kwanza mpaka Agosti 1921, na kwa vya pili mpaka mwisho wa 1947. Babu yako akirudi nyumbani salama, hutamwona humo, wala usikate tamaa. Jaribuni jina kwa tahajia nyingi, kwa sababu karani aliandika alivyosikia.

6. Ulizeni habari za wasioacha watoto wa kiume, na za binti walioolewa mbali. Huko ndiko majina yanakopotelea.

Mwisho

Fundi alirudi mwezi wa nane na mfuko mpya wa saruji. Kaburi la babu sasa limeandikwa jina lake, mwaka wa kufa, na chini yake: "Alibeba mizigo ya vita, Rufiji." Kijana wetu aliogopa watu watacheka. Mpaka sasa wazee wanne wamekuja kutuambia kwamba na baba zao walibeba.

Kaburi la pili lilikuwa kando ya mfereji, limezibwa na magugu, na sisi tulikuwa tukifunga mbuzi pale. Shangazi ndiye aliyetuonyesha kwa fimbo yake. Nalo tumelijengea. Binti yake alivuka kutoka Rombo siku ile na wajukuu, na yeye ndiye aliyemtajia fundi jina, herufi kwa herufi. Hapo chini fundi aliandika: "Askari wa Keya, alipigana Burma."

Maneno yalikuwa yale yale. Ni kaburi tulilokuwa tumelikosea.

Mwenyekiti, tumemaliza. Kama kuna mwenye swali tutajibu, na kama kuna mwenye mzee nyumbani, tunamwomba asingoje mkutano mwingine.